Umegongwa Nairobi? Mwongozo kamili wa kupata abstrakti ya polisi ambayo bima haitaikataa

Kilio ni kile kile, kinachobadilika ni jina la barabara tu. "Niligongwa Jogoo Road, nikaripoti polisi, nikapewa abstrakti, na sasa bima inasema haitoshi." Abstrakti ni muhtasari rasmi wa polisi kuhusu ajali uliyoripoti. Ukiuliza kilichokosekana humo utaambiwa ni kampuni ya bima ya yule mwingine, au nambari ya mkataba wake, au herufi moja ya nambari ya gari iliyoandikwa vibaya. Na kufikia hapo dereva aliyekugonga ameshazima simu.

Wengi humlaumu afisa wa kituoni. Kuna siku anastahili lawama hizo. Lakini mara nyingi afisa ameandika alichopewa, na alichopewa kilikuwa pungufu. Abstrakti nzuri huanzia barabarani, katika ile nusu saa ambayo honi zinakulilia kutoka nyuma na makanga anakufokea utoe gari njiani. Ndiyo maana hapa barabara nimeipa nafasi kubwa kuliko ofisi.

Nimemlenga mwenye gari la kibinafsi. Mwendesha boda, abiria wa matatu na mtembea kwa miguu wataona sehemu yao zaidi katika hatua ya 1, ya 6 na ya 8.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

- Leseni ya kuendesha iliyo hai, na picha yake kwenye simu.
- Stika ya bima kwenye kioo cha mbele, pamoja na nakala ya mkataba wako wa bima. Nambari ya mkataba utaulizwa kituoni.
- Nambari ya simu ya dharura ya kampuni yako ya bima, iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa kwenye dashibodi. Simu yako inaweza kuvunjika kwenye ajali, au ikanyakuliwa dirishani wakati umeduwaa. Hii ni Nairobi.
- Pembetatu mbili za kuakisi mwanga, zile tunazoziita laifuseva. Kuendesha bila hizo ni kosa lenyewe.
- Kalamu inayoandika na daftari dogo.
- Tochi na jozi ya glovu za mpira.
- Nambari za dharura: 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Kamera ya dashibodi si lazima, ila ukiwa nayo itakupunguzia mabishano mengi.

Hatua ya 1: Simama, na uzuie ajali ya pili

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kutoa jina lake, anwani, jina la mwenye gari na nambari ya gari kwa mtu yeyote mwenye sababu ya kuuliza. Usipofanya hivyo unatakiwa kuripoti polisi haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Anayetoroka hugeuka mshtakiwa hata kama kosa la kugonga halikuwa lake.

Washa taa zote za tahadhari. Weka pembetatu nyuma ya gari, hatua 50 au zaidi, na kwenye barabara za mwendo kama Thika Road au Southern Bypass zisogeze mbali zaidi ya hapo. Kisha toka barabarani. Wengi wanaoumizwa kwenye ajali ndogo huumizwa na gari la tatu, wamesimama kati ya magari mawili wakibishana kuhusu bampa.

Aliyejeruhiwa usimvute wala kumketisha, isipokuwa kuna moto au yuko katikati ya magari yanayokwenda. Mwendesha boda usimvue helmeti ikiwa anapumua vizuri, kwani shingo ndiyo ya kuogopewa. Piga simu, mwongeleshe, zuia damu kwa kitambaa safi. Hospitali haiwezi kumkataa kwa sababu ya pesa: Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Onyo: ukimgonga mtu na ukaona umati unakuja kwa hasira, usingoje kujieleza. Nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, uripoti papo hapo na uwatume wamwendee majeruhi. Kwenda kituoni moja kwa moja ni tofauti kabisa na kwenda nyumbani kwanza.

Umefaulu hatua hii ikiwa hakuna aliyeumia baada ya mgongano wa kwanza, na kama kuna majeruhi, unajua amepelekwa hospitali gani.

Hatua ya 2: Piga picha kabla gari halijasogea

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika, basi nitakawia kidogo.

Anza mbali. Picha mbili au tatu zinazoonyesha magari yote, laini za barabara, na kitu kisichohama: daraja la miguu, kituo cha mafuta, kibao cha jina la barabara. Mkadiriaji wa bima hakuwepo Allsops saa moja asubuhi, na picha ya taa iliyopasuka peke yake haimwambii ni nani aliyeacha laini yake. Kisha sogea. Piga magurudumu ya mbele yalivyogeuka, alama za breki kwenye lami, na mahali vioo vilipoangukia. Vioo hudondoka karibu na pale mgongano ulipotokea, na dakika kumi baadaye vitakuwa vimesambazwa na magari mengine.

Sasa piga uharibifu wa magari yote mawili, sio lako tu. Alama ya rangi yake kwenye mlango wako na ya rangi yako kwenye bampa lake huzungumza kuliko mashahidi.

Mwisho ni stika ya bima ya gari la pili. Watu huipiga wakisimama wima mbele ya kioo, na wanachopata ni picha ya mawingu. Inama, weka daftari au kofia juu ya kioo kuzuia mwanga, uisogeze simu mpaka maandishi yasomeke, halafu uikuze picha pale pale uhakikishe. Soma mambo manne: nambari ya gari kwenye stika ifanane na ile iliyo kwenye bampa, jina la kampuni, nambari ya mkataba au ya cheti, na tarehe ya kuisha. Stika ya gari jingine iliyobandikwa kwenye gari hili si jambo la ajabu mjini. Ukiigundua, usigombane, piga picha, uende ukamwambie afisa.

Je, gari lisogezwe? Kama kuna aliyekufa au kuumia vibaya, liache lilivyo mpaka polisi wafike na kuchora ramani ya tukio. Kama ni mabati tu yaliyobonyea na magari yanatembea, yatoeni kando mara picha zikikamilika. Kuziba njia ni kosa lenye faini ya shilingi 10,000 katika Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, na picha zako tayari zimeshika kila kitu.

Umefaulu ikiwa mtu ambaye hakuwepo anaweza kuangalia picha zako na kueleza nani alitoka wapi.

Hatua ya 3: Habari za dereva, za mwenye gari, na za mashahidi

Chukua jina kamili, nambari ya kitambulisho, leseni na simu. Ile simu ipige hapo hapo uisikie ikilia. Kwa matatu, andika pia jina la Sacco, yaani ushirika wa wenye matatu, lililo ubavuni na njia inayohudumia. Dereva wa leo huenda kesho akawa kwenye gari lingine, lakini Sacco ina ofisi.

Uliza gari ni la nani. Swali hili husahaulika, na ni muhimu kuliko jina la dereva, kwa sababu sheria humchukulia aliyeandikishwa kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Nairobi imejaa magari yaliyouzwa mara mbili bila jina kubadilishwa. Usipopewa jibu la kueleweka, unaweza kutafuta rekodi za gari hilo kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo.

Mashahidi watafute kati ya wale wasiohama: mama mboga, mlinzi wa geti, mwosha magari. Abiria wa matatu watakuwa wameshapanda nyingine kabla hujamaliza kuuliza majina.

Na hapa ndipo utasikia: "Boss, hii ni kitu kidogo, tumalizane hapa hapa, nakupeleka kwa fundi wangu." Sina ugomvi na kuelewana. Taa ya nyuma ni taa ya nyuma. Lakini mkielewana, iandikwe: tarehe, mahali, magari, kiasi, siku ya kulipa, sahihi mbili, na malipo yaende kwa M-Pesa ili yaache alama. Usiandike wala kutamka kwamba kosa ni lako au kwamba utalipa kila kitu. Mikataba mingi ya bima inamkataza mteja kukiri kosa bila idhini ya kampuni, na neno moja la upole linaweza kukugharimu madai yote. Kama kuna aliyeumia hata kidogo, hakuna cha kumalizana. Anayechechemea leo anaweza kulazwa kesho.

Hatua ya 4: Ripoti kituo chenye eneo hilo, uondoke na nambari ya OB

Ukigongwa Pangani usiende kuripoti Rongai kwa sababu ndiko unakolala. Utaambiwa urudi kule kule, nawe umepoteza saa. Mwulize askari wa trafiki aliye karibu, au wenye maduka, eneo hilo liko chini ya kituo gani. Mpakani mwa maeneo mawili piga simu kwanza.

Kituoni eleza kwa ufupi: saa, mahali, ulitoka wapi, ulielekea wapi, kilichotokea. Usikisie mwendo wa gari la mwenzako na usijazie usichokiona. Onyesha picha. Ukiandikisha taarifa, isome yote kabla ya kutia sahihi, na neno lisilokuwa lako lirekebishwe.

Kisha omba nambari ya OB, yaani nambari ya tukio lako katika kitabu cha matukio. Huwa na nambari ya mfululizo ikifuatwa na tarehe. Bila hiyo, ripoti yako ni mazungumzo tu. Mpige picha... hapana, usimpige picha afisa wala kitabu. Iandike kwenye daftari, pamoja na jina la afisa anayeshughulikia ajali. Jina au nambari yake ya utumishi inatakiwa kuonekana kwenye sare.

Gari linaweza kuzuiwa ili likaguliwe, hasa kama mtu ameumia. Likivutwa, mkubaliane bei na linapopelekwa kabla halijafungwa mnyororo, na upige picha ya kilomita, redio, gurudumu la akiba na betri. Madereva wa magari ya kuvuta hufika mahali pa ajali haraka kuliko mtu yeyote, na si kwa huruma.

Ukiambiwa utashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, pumua kwanza. Kuna ushauri wa mtaani wa "kubali tu, ulipe faini, uende zako." Usiufuate kabla ya kuongea na wakili. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai iliyokamilika ni ushahidi thabiti wa kosa hilo, na yule uliyegongana naye ataibeba hadi kwenye kesi ya fidia.

Hatua ya 5: Isome abstrakti ukiwa bado kaunta

Abstrakti kwa kawaida haitoki siku hiyo hiyo. Afisa hutembelea mahali pa ajali, huchora ramani, huchukua taarifa za pande zote. Muulize urudi lini kwake, na ukirudi uwe na OB yako, kitambulisho, leseni na nakala ya bima.

Ukiikabidhiwa, usiikunje. Kaa kwenye benchi uisome kwa kidole:

- Nambari za magari, herufi kwa herufi. C na G hubadilishana sana kwenye mwandiko wa haraka.
- Tarehe, saa na jina la barabara kama ulivyoripoti.
- Majina ya madereva na ya wenye magari, kila moja mahali pake.
- Kampuni ya bima na nambari ya mkataba kwa kila gari. Nafasi iliyo wazi hapa ndiyo inayorudisha watu wengi kituoni. Ukiwa na picha ya stika, ijazwe sasa.
- Majina ya majeruhi wote. Asiyeandikwa atapata taabu kuthibitisha kwamba alikuwemo.
- Matokeo ya uchunguzi: nani wa kulaumiwa, nani ameshtakiwa, au uchunguzi unaendelea.
- Sahihi, jina la afisa na muhuri wa kituo.

"Uchunguzi unaendelea" si mkosi. Kwa bima ya komprehensivu, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kampuni nyingi huanza kushughulikia gari lako hivyo hivyo. Ila ukitaka fidia kutoka kwa mwingine, fuatilia mpaka matokeo yaandikwe.

Kosa likionekana, lirekebishwe na afisa mwenyewe, kwa sahihi na muhuri. Usiongeze hata nukta kwa kalamu yako. Karatasi iliyochezewa hukataliwa, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Kuhusu pesa: abstrakti ya ajali na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, hutolewa bure. Ukisikia "afande anataka ya chai" au "printa haina wino," jibu kwa heshima: "Afande, niko tayari kungoja." Kisha umwone kamanda wa trafiki wa kituo, na baada yake mkuu wa kituo, OCS. Ikishindikana, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, inapokea malalamiko dhidi ya polisi kupitia 1559 bila malipo, na EACC, tume ya kupambana na ufisadi, inapokea ya hongo kupitia 1551. Hapo ndipo jina la afisa na nambari ya OB ulizoandika zitakapokufaa.

Hatua ya 6: Kama kuna aliyeumia

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni maumivu ya shingo tu. Karatasi ya matibabu yenye tarehe ya ajali ndiyo inayounganisha jeraha na ajali. Ya wiki mbili baadaye itapingwa. Chukua P3 kituoni, daktari aijaze, irudishe, ubaki na nakala. Tunza risiti zote, hata za teksi ya kwenda kliniki.

Jihadhari na mabroka wa wodini. Hufika kitandani na fomu, wakisema wanatoka kwa wakili. Usitie sahihi ukiwa na dripu mkononi. Wakili utamchagua mwenyewe ukipona, na muda upo: sheria inatoa miaka 3 kufungua kesi ya fidia ya ajali.

Hatua ya 7: Bima yako

Ijulishe siku hiyo hiyo kwa simu, halafu kwa maandishi. Usitengeneze gari kabla mkadiriaji hajaliona. Uliza mapema eksesi yako, yaani sehemu ya gharama unayojilipia mwenyewe, ni kiasi gani, kwa sababu kama ni kubwa kuliko gharama ya fundi, huenda madai hayana faida.

Mwenye thadi pati, bima ya madhara kwa watu wengine tu, aelewe kwamba bima yake hailipi gari lake mwenyewe hata kidogo. Na kile ambacho Sura ya 405, sheria ya bima ya lazima ya magari, inamlazimisha kila mwenye gari kukatia bima ni kifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali hutegemea mkataba, ingawa wengi huwa nao hadi kiwango fulani. Kwa hiyo mwombe dereva mwenzako jina la kampuni yake ya bima mapema, uiandikie wewe mwenyewe ukiambatanisha abstrakti, picha na makadirio ya gereji.

Hatua ya 8: Akikataa kulipa

Anza na barua ya madai yenye kiasi kamili na siku za kujibu, kwa dereva, kwa mwenye gari na kwa kampuni ya bima. Ibaki nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakinyamaza, na dai lako halizidi shilingi 1,000,000, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ile ya Milimani, hapa Nairobi, ipo tangu 2021. Sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Faili yako iwe na abstrakti, matokeo ya kutafuta rekodi za gari, picha zilizochapishwa kwa mpangilio kuanzia ile ya mbali hadi ya karibu, makadirio na risiti za gereji, barua ya madai, na majina ya mashahidi. Chapisha nakala za kutosha: ya mahakama, yako, na moja kwa kila unayemshtaki. Mashahidi wapigie simu mapema, mama mboga ana siku zake za soko.